Majuto ya Hakimu Raghunath

Ukiwauliza wazee wa Mji Mkongwe na Ng'ambo ni filamu gani ya Kihindi iliyowaliza zaidi katika ujana wao, wengi watakutajia Awaara. Filamu hiyo aliitoa Raj Kapoor huko Bombay mwaka 1951, na yeye mwenyewe ndiye aliyeigiza kijana Raj, pamoja na bibi Nargis, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Fatima Rashid. Hadithi yake iliandikwa na Khwaja Ahmad Abbas. Zama zile majumba ya senema ya Unguja yalikuwa yakifurika watu siku za Jumapili, na wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao yasiyoingiwa na wanaume. Mtu asiyejua hata neno moja la Kihindi alizijua nyimbo zake mwanzo hata mwisho, na sauti za nyimbo za namna hiyo zikaingia katika tarabu za pwani yetu. Jumba la Majestic pale Vuga, lililofunguliwa mwaka 1955 mahali palipokuwa na Royal iliyoungua, limenyamaza tangu miaka mingi. Awaara haikunyamaza, vijana wa leo waitazama ndani ya simu zao.

Sikusudii kuzungumza hapa juu ya hukumu ya senema, jambo ambalo masheikh wetu wamelisema na wataendelea kulisema. Nasema juu ya jambo lililomo ndani ya hadithi hii, ambalo naona watazamaji wengi hulipita mbio ili wafike kwenye nyimbo. Kila mtu huikumbuka Awaara kwa mapenzi ya Raj na Rita. Lakini mapenzi ya vijana hao hayakupotea. Mwisho wa filamu Rita anaahidi kumngoja Raj amalize kifungo chake cha miaka 3. Mapenzi yaliyopotea yasipatikane tena ni ya mzee, baba yake Raj, yaani Hakimu Raghunath.

Kwa wale wasioiona, khabari yake ni hii. Raghunath alimpenda Leela, naye alikuwa mwanamke mjane, na dasturi za watu wake zilichukia mjane kuolewa tena. Hakujali maneno yao, akamwoa. Baadaye mhalifu mmoja jina lake Jagga, ambaye hakimu huyu aliwahi kumfunga si kwa ushahidi uliotosha bali kwa itikadi yake kuwa mtoto wa mwizi hawi ila mwizi, alimteka Leela ili alipe kisasi. Alipojua kuwa ana mimba alimwachia baada ya siku chache bila ya kumgusa, kwani alitambua kuwa kisasi kikubwa zaidi atakifanya mume mwenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa. Watu wa nyumbani wakanong'ona, majirani wakanong'ona, na yule bwana aliyekuwa shujaa mbele ya maneno ya watu siku ya kuoa akawa mnyonge mbele ya maneno hayo hayo siku ya shaka. Akamfukuza mkewe usiku naye yu karibu kujifungua, na Leela akazaa njiani.

Miaka ikapita. Mtoto akakulia katika mitaa ya mafukara wa Bombay, akaiba mkate kwa ajili ya mama yake mwenye njaa, akafungwa, kisha akalelewa katika wizi na Jagga yule yule. Leela akafa bila ya kurejeshwa kwa mumewe wala kusikia kwake neno la kumtakasa. Raj akataka kumwua hakimu, akashitakiwa, na mbele ya mahakama ndipo Rita, mwanasheria wake, alipomwuliza yule mzee maswali hata yakadhihiri yote. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa huyu bwana hayakungoja mjukuu, yalimjia na mwana, tena akiwa kizimbani. (Na jambo la ajabu ni kuwa aliyeigiza hakimu huyo ni Prithviraj Kapoor, baba yake Raj Kapoor khasa, kwa hivyo aliyesimama mbele yake kama mtoto aliyekanwa ni mwanawe wa kumzaa.)

Sasa natuangalie sisi tuna nini katika dini yetu juu ya misiba ya namna hii.

Bibi Aisha (R.A.) aliachwa nyuma na msafara kwa sababu ya kidani chake kilichopotea, akaletwa Madina na Safwan bin Muattal, na wanafiki wakapata la kusema. Maneno yalizunguka mji kiasi cha mwezi mzima, na wahyi haukuteremka. Mtume (S.A.W.) aliumia kama aumiavyo mume yeyote. Lakini hakumtoa nyumbani. Aliwataka shauri Sayyidna Ali na Usama bin Zaid, na akaulizwa Barira, mtumishi aliyeijua nyumba ndani na nje, naye akajibu kuwa hakumjua bibi yake kwa aibu yoyote ila kwamba ni msichana mdogo, huweza kusinzia akausahau unga aliokanda, mbuzi akaja akaula. Bibi Aisha mwenyewe alipokwenda kwa wazee wake alikwenda kwa kuomba ruhusa, hakufukuzwa. Kisha zikashuka Aya za Suratun Nur zikamtakasa, na zikawalaumu Waumini waliosikia uzushi ule wasiwadhanie wenzao wema papo hapo. Hakimu Raghunath hakumwuliza mtu. Alikuwa hakimu kazini, na nyumbani alihukumu bila ya shahidi.

Ama kuhusu mtoto, imo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim khabari ya mtu wa kabila la Fazara aliyemjia Mtume (S.A.W.) akiwa na mashaka kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume alimwuliza kama ana ngamia, na rangi zao ni zipi, na kama miongoni mwao hamna wa rangi ya kijivujivu. Akajibu kuwa wamo. Akaulizwa wametoka wapi hao, akasema huenda ni mshipa wa asili uliowavuta. Basi huenda na mwanawe pia kavutwa na mshipa wa asili. Wala Mtume hakumruhusu kumkana. Khabari hii yatufaa mno sisi watu wa Unguja, ambao katika nyumba moja waweza kuwaona ndugu watatu wa baba na mama mmoja, kila mmoja na rangi yake.

Lakini linaloniuma zaidi katika filamu hii ni ule usiku wenyewe. Hasira ni ya saa moja, majuto huja baada ya siku, pengine baada ya wiki au miezi. Mwenyezi Mungu aliyetuumba alijua hayo, na ndiyo maana katika Aya ya kwanza ya Suratut Talaq akaamrisha eda ihesabiwe, na wanawake wasitolewe katika nyumba zao wala wao wasitoke, ila wakifanya uovu ulio wazi. Kisha akatupa sababu, kwamba mtu hajui, huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jipya baada ya hayo. Mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue, na muda wote huo makazi na matumizi yake yapo juu ya mume. Katika talaka ya kwanza na ya pili mume aweza kumrejea mkewe ndani ya eda bila ya akdi mpya wala mahari mapya. Yaani majuto yamewekewa mahali pa kukaa na siku za kufanya kazi yake.

Nasi twafanya nini? Twaandika karatasi ya talaka asubuhi, na kabla ya adhuhuri mwanamke yuko njiani na begi lake. Dasturi hii imeenea kutoka mjini hata mashamba, mpaka watu wengi wadhani ndiyo sheria. Wala wanaume si peke yao katika lawama. Mama wa binti akisikia tu huleta gari lipakie kitanda, kabati na vyombo vya mwanawe, ili majirani wasije wakasema kuwa bintiye ameng'ang'ania mahali asipotakiwa. Wajomba nao huapa kuwa hatarudi tena kwa mtu yule. Hapo huyu mume akizindukana baada ya siku kumi akitaka kusema neno, atalisema wapi? Mlangoni kwa wakwe, mbele ya ukoo mzima uliokwisha kuapa? Wengi huona haya, wakanyamaza, eda ikesha, na wawili waliokuwa bado wapendana wakawa wageni. Makadhi wetu wayajua mambo haya kuliko sisi, kwani wengine huja kwao mwaka wa pili wakiuliza kama bado ipo njia.

Kuna Sahaba mmoja, Maaqil bin Yasar, aliyeapa kama wajomba hao. Alimwoza dada yake mtu akamwacha, na eda ilipokwisha yule mtu akaja kumposa tena, na dada mwenyewe alimtaka. Maaqil akakataa kwa hasira. Ikashuka Aya katika Suratul Baqara kuwakataza mawalii kuwazuia wanawake wasirejee kwa waume zao wakiridhiana kwa wema. Maaqil alipoisikia aliiacha hasira yake na akamwoza yule yule.

Najua nitaulizwa jambo moja, na ni swali la haki. Nyumba zetu si majumba ya zamani ya Shangani yenye ghorofa na ua. Mtu akikaa katika fleti ya Michenzani, au katika vyumba viwili vya kupanga Jang'ombe, ataishi vipi na mwanamke aliyemwacha, naye sheria haimruhusu kujitenga naye faragha kabla ya kumrejea? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilijadili jambo hili zamani. Nyumba ikiwa na nafasi, mwanamke awe na chumba chake na mlango wake, au awepo pamoja nao maharimu. Nyumba ikiwa ndogo, basi mwanamume ndiye atakayekwenda kulala kwa nduguye au kwa wazee wake mpaka eda iishe, na ufunguo ubaki kwa mke.