Wacha maharagwe, pima mkojo

Watu wa sukari, na nyinyi mnaowapikia, hebu tuongee ukweli kidogo.

Kuna hii stori inazunguka kwa magrupu ya WhatsApp kwamba asidi ya yuriki ndiyo inamaliza figo za wenye kisukari. Ati acha maharagwe, acha omena, nunua unga fulani wa "kuosha" asidi.

Stori haikutoka hewani. Figo ndizo hutoa karibu thuluthi mbili ya hiyo asidi mwilini. Zikichoka, asidi inapanda. Kwa hivyo ni kawaida kuipata juu kwa mtu ambaye figo zake zinadhoofika. Lakini ukiona moshi jikoni, utasema moshi ndio uliwasha moto?

Na watafiti walijaribu. Mwaka wa 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa PERL: watu 530 wenye kisukari cha aina ya kwanza, figo zimeanza kuharibika, wakafuatwa miaka 3. Wengine walipewa alopurinoli, ile dawa ya gauti, wengine tembe zisizo na dawa. Asidi ilishuka, tena sana. Figo? Ziliendelea kudhoofika vilevile pande zote mbili. Mwaka huohuo utafiti mwingine, CKD-FIX, uliochanganya wagonjwa wa figo wenye kisukari na wasio nacho, ukaishia hapo hapo.

Kinachoniuma ni mtu kuhesabu vijiko vya maharagwe na hajawahi kupimwa albumini kwa mkojo hata siku moja. Hicho kipimo, pamoja na krietinini ya damu, ni cha kila mwaka kwa mtu wa sukari, kwa sababu figo huharibika kimyakimya. Unatembea, unakula, unacheka, kumbe imebaki robo. Sukari na presha zikae chini, na kama protini imeanza kuvuja, kuna dawa kama losatani. Ukiandikiwa, usiiache juu ya unga wa Facebook.

Na hapa mtanichukia: ile diklofenaki mnanunua kwa kemisti kila goti likiuma ni hatari kwa figo kuliko hayo maharagwe.

Gauti ni maneno mengine. Kidole gumba cha mguu kikifura usiku mpaka shuka likikugusa unalia, alopurinoli ina kazi yake, lakini kwa mkono wa daktari. Kuna wachache ambao inawaharibu ngozi vibaya sana.

Kliniki ijayo uliza hivi: "Daktari, albumini yangu ya mkojo ni ngapi?" Ukiambiwa hapo hawapimi, uliza ni wapi wanapima.