Wauguzi wa dharura wamechoka, na sifa haziwapi usingizi

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, hospitali za mji, ikiwemo CBCA Ndosho, zilipokea majeruhi wengi kupita vitanda vyao. Wengine walilazwa chini. Picha zilizunguka dunia na wauguzi wakaitwa mashujaa.

Neno hilo linanisumbua. Shujaa haulizwi kama amelala, wala kama amelipwa.

Uchovu ninaouzungumzia si wa siku moja ngumu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliueleza kuwa hali inayotokana na kazi: nguvu zinaisha, mtu anajitenga na kazi yake na kuanza kuichukia, kisha uwezo wake unashuka. Anayesema wauguzi wetu "hawana tena huruma" asome tena hapo katikati. Mara nyingi kile anachokiita roho mbaya ni mtu aliyekwisha nguvu.

Tusiseme pia kwamba ni vita tu. Ingia usiku katika huduma ya dharura ya hospitali nyingi za Kivu, hata siku ambayo hakuna risasi iliyolia. Mama analeta mtoto anayetetemeka kwa malaria kali. Kabla ya dawa, mtu anapaswa kumwambia alipe kwanza. Mtu huyo ni nani? Si mkurugenzi, yeye amelala kwake. Si wizara. Ni muuguzi, ambaye hakupanga bei wala hana ufunguo wa kasa. Matusi yote ya familia yanamwangukia yeye, na mtoto akifariki, yeye ndiye anayeitwa muuaji.

Asubuhi anarudi nyumbani bila chochote mfukoni. Wengi bado ni wale tunaowaita "nouvelles unités": wanafanya kazi ya serikali miaka na miaka bila mshahara wa serikali, wakingojea prime au kidogo kinachobaki katika mapato ya hospitali. Na wale wenye mshahara? Mshahara unapitia benki, na benki za Goma zilifunga milango mji ulipoanguka. Halafu tunashangaa kuona mtu anatoka zamu ya usiku na kwenda kuuza mkaa.

Mashirika mengi yanaleta wanasaikolojia kwa wahanga wa vita, na ni vizuri. Lakini dada aliyewashika wahanga hao mikono usiku kucha, nani anamketisha chini na kumsikiliza?

Malipo ni deni la Kinshasa, na wanaoshika Goma leo hawawezi kujifanya hawalioni. Lakini wakurugenzi wa hospitali wasijifiche nyuma ya deni hilo. Kumwondolea muuguzi kazi ya kudai pesa mlangoni hakuhitaji amri ya waziri. Kumpa siku ya kulala aliyepokea majeruhi usiku mzima, pia hakuhitaji. Ratiba ya zamu inaandikwa na wao wenyewe, na ya juma lijalo bado haijabandikwa ukutani.