Mashine ya alizeti ipimwe, mkamuaji asisingiziwe

Msimu wa alizeti ukifika Kanda ya Kati, mafuta huja na ugomvi wake. Mkulima wa Mvumi akipeleka mbegu kukamuliwa akarudi na mafuta pungufu, lawama humwangukia aliyeshika mpini: ama mvivu, ama mwizi. Lawama hiyo haina kipimo, na biashara isiyo na kipimo haidumu.

Itakumbukwa kuwa mashine ya kukamulia kwa mkono ilibuniwa Arusha katikati ya miaka ya 1980 na mhandisi Mmarekani, Carl Bielenberg. Mpini mrefu husukuma pistoni ndani ya silinda, mafuta huchuruzika kwenye matundu, na mashudu hutokea mbele kupitia koni inayokazwa au kulegezwa. Toleo la kwanza lilikuwa zito, kazi ya wanaume wenye misuli. Matoleo madogo yaliyofuata yaliwapa akina mama nafasi. Vinu vya injini vimeshika soko, lakini ile ya mkono haidai umeme wala dizeli.

Tatizo ni kwamba mgandamizo hauonekani kwa macho. Koni ikilegea au pistoni ikilika, mpini huwa mwepesi na mafuta hubaki kwenye mashudu, yakauzwa kwa bei ya chakula cha mifugo. Ganda la mbegu likiwa gumu au matundu yakiziba, mpini huwa mzito na mtu huchoka bure. Ndiyo maana mbegu ya Record, yenye ganda laini, ilipendwa.

Dawa ipo, nayo ni kipima nguvu. Waya mwembamba hubandikwa kwenye chuma. Chuma kikijipinda hata kidogo sana, ukinzani wa umeme hubadilika na namba husomeka. Ubunifu huo ulianza Marekani mwaka 1938, na leo viwanda huutumia kuhakikisha kipande kilichobanwa kwa mkono kimebanwa sawasawa.

Watakaolalamikia gharama wana hoja, ila si lazima kila mashine iwe na chake. Kimoja katika karakana kama za SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, kingetosha kukagua mashine kabla ya kuuzwa, kisha kikazungushwa vijijini kila mwanzo wa msimu. Namba ziandikwe daftarini, mkulima azione.

Tahadhari ni moja: tajiri asikigeuze kuwa mjeledi wa kumpimia kibarua jasho lake. Namba ikishuka, ikaguliwe koni kwanza, pistoni ifuate, kisha mbegu. Mtu awe wa mwisho kuulizwa.

Sokoni gunia la alizeti linastahili mizani. Mkamuo nao ni huduma inayolipiwa. Mwenye mashine atakayetangulia kupima ndiye wateja watakayempangia foleni.