Ndege ya rimoti isajiliwe kwa akili, si kwa mbwembwe

DIRISHA la usajili likifunguliwa, shabiki huuliza nani ana jina kubwa. Kocha huuliza mengine: huyu atacheza namba gani, mfumo wetu utambeba au utamzamisha, na akiumia mechi ya pili nani yuko benchi?

Maswali hayo ya kocha ndiyo tunayoyataka leo kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye simu tu: ndege kubwa za rimoti za kucheza sarakasi angani, zile za injini ya petroli. Ukiiona ndege yenye mabawa ya zaidi ya mita mbili na nusu inaning'inia wima hewani, pua juu, mkia unakaribia kufagia nyasi, usidhani ni kitu cha kuchezea watoto. Ni mchezo kamili, una madaraja yake, waamuzi wake na ubishi wake.

Na ubishi upo kweli kweli. Marekani, ambako mchezo huu umeshika mizizi, vijiwe vya warushaji havipishani sana na vijiwe vyetu vya kahawa. Huku ni Simba na Yanga, kule ni cc 50 au cc 100, Extra au Edge. Mtu anayetaka kununua ndege yake ya kwanza ya petroli akipita hapo anatoka kichwa kinamuuma, maana kila mmoja anamvutia kwake.

Sisi msimamo wetu tunautoa mapema. Ndege ya kwanza ya petroli iwe ya cc 50 hadi 60, iwe ya umbo tulivu, na pesa itakayobaki iende kwenye usalama kabla haijaenda kwenye ukubwa. Anayetaka kubisha abishe, lakini kwanza asikilize hesabu.

Mpira wa ligi una uzito wa gramu 410 hadi 450. Ndege ya cc 100 ina kilo 12 hivi. Vyote vikija kwa spidi ile ile, ndege inakuja na nguvu ya mpira mara 28 hivi. Mbele yake kuna propela ya inchi 27 inayozunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika. Beki akikinga shuti kwa kifua anaanguka, anamwagiwa maji, anaendelea na mechi. Hapa hakuna cha maji. Mwaka 2013 jijini New York, kijana mmoja alipoteza maisha baada ya kupigwa na mapanga ya helikopta ya rimoti aliyokuwa anairusha mwenyewe. Hakuwa mgeni wa mchezo huo.

Ndiyo maana chama cha warushaji cha Marekani, AMA, kimeweka mstari kwenye pauni 55, yaani kama kilo 25. Ndege ikizidi hapo inahitaji ukaguzi na ruhusa maalumu. Lakini hata iliyo chini ya mstari huo inaweza kuua mtu. Mstari hauondoi hatari.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Daraja la cc 50 lina mabawa ya kama mita 2.2, uzito wa kilo 7 hadi 8 na ushee, na mara nyingi injini ya silinda moja. Daraja la cc 100 hadi 120 lina mabawa ya mita 2.6 na kitu, kilo 11 hadi 13, na silinda mbili zinazotazamana. Juu ya hapo kuna mabawa ya mita tatu na kilo 17 kwenda juu, zenye injini za cc 150, 170, hata 200. Kwa kulinganisha, cc 100 ni injini ya bodaboda ndogo. Fikiria injini ya bodaboda inaibeba ndege ya mbao laini na karatasi ya plastiki, uzito mzima chini ya mfuko mdogo wa saruji.

Wanaoshabikia cc 100 wana hoja, na si haki kuificha. Ndege kubwa inaruka kistaarabu zaidi. Upepo hauisumbui sana, inaonekana vizuri ikiwa mbali, na makosa yake yanakuja polepole, kwa hiyo mrushaji anapata muda wa kuyasahihisha. Silinda mbili zinazosukumana kinyume zinafutiana mtikisiko, ndege haitetemeki kama mtu mwenye homa. Warushaji wengi wakishaonja cc 100 hawarudi nyuma.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo inahesabu siku ndege iko angani tu. Siku ikianguka nayo ihesabiwe. Na itaanguka, maana sarakasi haijifunzwi kwa kusimama salama. Kila kitu kwenye cc 100 ni kikubwa na ghali zaidi: injini, propela, betri, na sevo, yaani zile mota ndogo zinazovuta na kusukuma vibao vya mabawa na mkia. Kiwiliwili chake peke yake kinazidi mita mbili, hakiingii kwenye gari dogo hata mabawa yakichomolewa. Klabu ikisajili straika kwa fedha zote za msimu, halafu ikakosa nauli ya kwenda mechi ya ugenini, imesajili nini?

Suala la pili ni umbo, na hapa ndipo ushabiki unapochemka. Ndege hizi ni nakala za ndege halisi za sarakasi. Extra ni kazi ya Mjerumani Walter Extra, ambaye mwenyewe alikuwa rubani wa sarakasi, na Extra 300 iliruka mara ya kwanza mwaka 1988. Edge 540 ni ya kampuni ya Zivko ya Oklahoma, ile ambayo Mwingereza Paul Bonhomme aliichukulia ubingwa wa Red Bull Air Race mara tatu, 2009, 2010 na 2015. Sukhoi na Yak zinatoka Urusi.

Kwa lugha ya uwanjani, Extra ni kiungo anayetulia na mpira. Mistari yake inanyooka, inapoambiwa pinduka inapinduka, inapoambiwa simama inasimama. Edge ni winga. Inajibu haraka, inajizungusha haraka, na ukichelewa nusu sekunde imeshakupita. Yak na Sukhoi zina kiwiliwili kinene, na unene huo unazibeba zikilala ubavu. Ndiyo maana wapenda mitindo ya chini chini, ya kuning'inia na kujipindua, wanazipenda.

Tahadhari moja: jina kwenye bawa si dhamana. Mtengenezaji wa nakala anaweza kuongeza mkia, kupanua bawa au kusogeza uzito, na Edge ya huyu ikawa tulivu kuliko Extra ya yule. Mwulize aliyeirusha, usiiulize picha ya kwenye boksi.

Halafu kuna swali ambalo wengi wanalisahau: unaenda kucheza ligi gani? Mchezo huu ulipata jukwaa lake kubwa Las Vegas mwaka 1974, tajiri wa kasino William Bennett alipoanzisha Tournament of Champions, mashindano ambayo Hanno Prettner wa Austria aliyatawala mara kadhaa na ambayo yaliishia mwaka 2002. Leo mashindano ya nakala za ndege za sarakasi yanaendeshwa kwa kanuni za IMAC, na kuna madaraja matano, kutoka Basic hadi Unlimited.

Huko hakuna kupiga kelele ukapewa pointi. Kila mtindo unaanzia alama 10, na ukipinda digrii tano hivi umekatwa nusu alama. Kuna mitindo unayoijua msimu mzima, na kuna mingine unapewa karatasi tu, huna ruhusa ya kuifanyia mazoezi na ndege yako. Daraja la Basic linapokea karibu ndege yoyote. Ukipanda juu, lazima iwe nakala ya ndege halisi ya sarakasi. Hata sanamu ya rubani ikikosekana kwenye kiti chake, unakatwa asilimia moja. Aliyenunua ndege ya mbwembwe isiyofanana na chochote atagundua siku ya kupanda daraja kwamba mchezaji wake hana leseni.

Kwa hiyo bajeti ipangwe hivi. Kwanza sevo zenye nguvu, maana moja tu ya bawa ikifa angani mechi imekwisha. Pili betri mbili za mfumo wa rimoti, moja ikizima nyingine iendelee. Tatu swichi ya kukata moto wa plagi kwa rimoti, ili injini izimwe hata kabureta ikikwama wazi. Nne injini inayoaminika, iwe ya Desert Aircraft ya Arizona au ya bei nafuu zaidi kutoka China, ilimradi isizime hovyo. Injini inayozima ndege ikiwa chini na mbali ni kipa anayeachia mpira mikononi dakika ya 90. Rangi na stika zije mwisho.

Na mwalimu. Mwenye cc 50 na mwalimu atamwacha mbali mwenye cc 200 aliyejifunza kwa video. Siku ya kuwasha injini mtu wa pili ashike mkia, watazamaji wakae nyuma ya mrushaji, na hakuna kupita juu ya vichwa vyao hata kwa utani.

Kwa msomaji wa Tanzania ambaye mkono umeshaanza kumwasha, neno moja tu: ndege isiyo na rubani ndani iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ulizia kibali kabla ya kulipia mzigo, usije ukaiona ndege yako kwa mara ya kwanza na ya mwisho bandarini.

Anayeanza na cc 50 hajafeli. Anajenga timu kutoka kikosi cha vijana, na cc 100 itamkuta mikono imeshakomaa. Anayerukia ndege ya mita tatu kwa sababu jirani anayo, huyo amesajili kelele za jukwaani. Jukwaa halilipi gharama za matibabu.