Tupatiwe Mahali pa Kuulizia

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nieleze dhiki yetu sisi wakulima wa milima ya Uluguru, ambao hatuna mahali maalumu pa kupeleka maswali ya fizikia na uhandisi yanayotukabili kazini.

Huku Mgeta tulilaza mabomba ya plastiki kuteremsha maji ya chemchemi hadi bustanini, yakawa yakipasuka bondeni kila usiku tulipofunga koki. Nami nilipokwenda mjini kutaka shauri katika ofisi moja, nilitakiwa barua, kisha nikaelekezwa kwingine, hata nikarejea mikono mitupu. Fundi mstaafu ndiye aliyetufahamisha kwamba, maji yakitulia bombani, kila mita 10 za kwenda chini huongeza presha takriban sawa na ile ya hewa ituzungukayo, na kwamba dawa yake ni tangi la kupunguza presha katikati ya mteremko.

Elimu hiyo yafundishwa vyuoni, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoasisiwa mwaka 1984, kiko chini ya milima hii hii. Nawasihi wakuu wetu watenge siku maalumu ya wahandisi kusikiliza wananchi, na wasomaji wenye ujuzi watujibu kwa hisani yao.

Wako mtiifu,
Mkulima, Mgeta, Morogoro