Reli ni Mali Yetu Sote



Wako wengi kati yetu, hapa Bariadi na katika mkoa mzima wa Simiyu, wanaodhani kwamba habari za reli zinawahusu watu wa Dar es Salaam na Mwanza peke yao. Dhana hiyo si sahihi. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, inapita katika mkoa wetu, pale Malampaka wilayani Maswa. Reli hiyo ndiyo iliyoifungulia pamba ya Usukumani njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam.

Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 za Marekani ili kuifufua reli ya zamani kwa ajili ya mizigo. Matengenezo hayo yalihusu njia ya Dar es Salaam hadi Isaka, yapata kilometa 970. Malampaka iko mbele ya Isaka, hivyo ikabaki nje ya mpango huo. Mnamo Januari 2021 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, na jiwe la msingi likawekwa Juni mwaka huo. Muda uliopangwa ulikuwa miezi 36. Miezi hiyo ilitimia kazi ikiwa bado haijakamilika.

Je, ni nani anayelipa? Mwaka 2015 Serikali iliweka tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, isipokuwa zile zilizosamehewa. Mfanyabiashara huilipa forodhani, kisha huiingiza katika bei. Kwa hiyo mama anayenunua kitenge cha kutoka nje katika soko la Bariadi amekwisha kuichangia reli, ingawa huenda hajapata kuiona. Fedha nyingine ni mikopo, ambayo watoto wetu watairithi. Aliyechanga ana haki ya kuuliza. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, yatupasa kuuliza mambo matatu.

La kwanza, je, Malampaka itakuwa kituo cha mizigo kweli? Treni ikisimama mahali pasipo ghala, mizani wala barabara inayopitika wakati wa masika, marobota ya pamba yataendelea kusafiri kwa malori, na sisi tutabaki kupungia abiria mikono.

La pili, je, nafuu ya usafiri itamfikia mkulima? Bei ya pamba shambani hupatikana baada ya kuondoa gharama, ikiwemo ya usafirishaji. Gharama hiyo ikipungua na bei ya mkulima isipande, faida itakuwa imeishia mikononi mwa wengine. Vyama vya ushirika vya msingi havina budi kulidai jambo hili kabla ya msimu kufunguliwa.

La tatu, je, waliopisha ujenzi wametendewa haki? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Hilo ni agizo la sheria, wala mtu asilipokee kama fadhila.

Hatusemi haya kwa kuipinga reli. Tunaitaka, tena tunaitaka ikamilike, kwa kuwa barabara zetu zinaumizwa na malori mazito na mkulima anaumizwa na nauli. Lakini maendeleo yanayojengwa kwa jasho la wote hayana budi kuwanufaisha wote, na hasa wanyonge.

Viongozi wa walei, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Nendeni huko na maswali haya. Mwulizeni diwani, naye aulize katika halmashauri. Ulizeni kwa adabu, bila woga, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.