Mtoto Mdogo Tumboni na Haraka ya Kumzalisha Mama

Aghalabu mja mzito huambiwa kliniki kwamba mwanawe ni mdogo kuliko majuma yake, kisha papo hapo akapangiwa siku ya kuanzishiwa uchungu, kana kwamba udogo na maradhi ni kitu kimoja. Rai yangu ni kwamba haraka hiyo, isipokuwa na hoja nyingine, haifai. Kipimo cha mara moja hakileti yakini, kwani hata altrasaundi hukisia uzito tu, nayo yaweza kukosea kwa asilimia 10 au 15. Na maadamu wengi huanza kliniki mimba imekwisha kuwa kubwa na tarehe ya hedhi ya mwisho imesahauliwa, yamkini yaliyokosewa ni hesabu ya majuma. Wala si haba watoto walio wadogo kwa asili ya wazazi wao, nao ni wazima kabisa.

Wa kuhofiwa ni yule ambaye kondo la nyuma limeshindwa kumlisha, mathalani kwa shinikizo la damu la mamake, au malaria. Huyo hubainika akipimwa tena baada ya majuma mawili na kuonekana hakukua ipasavyo, damu ya kitovu ikitazamwa mwendo wake, na mama akiulizwa kama mtoto angali akicheza. Damu hiyo ikikatika kati ya pigo na pigo la moyo, huenda ikawa kheri azaliwe njiti kuliko kuachwa.

Lakini mwendo wa damu ukiwa mwema na mimba imekaribia kutimia, shauri si jepesi. Huko Uholanzi, wajawazito 650 waliopita majuma 36, wakidhaniwa kuwa na watoto wasiokua vema, waligawanywa kwa kura, baadhi wakaanzishiwa uchungu na wengine wakangojewa. Na matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2010, hayakuonyesha tofauti ya maana katika madhara ya watoto wala katika idadi ya mama waliopasuliwa. Ila kungojewa huko kulikuwa kwa kuchungwa sana, moyo wa mtoto ukipimwa mara kwa mara. Matabibu wengi, kwa kuchelea mtoto kufia tumboni, hawapendi kungoja mno baada ya majuma 38, nami siwalaumu. Mama wa kisiwa cha Kojani, avukaye maji ndipo aifikie hospitali, hana kungoja kwa namna hiyo, na kwake yeye kuanzishiwa mapema kwaweza kuwa ndiyo hadhari. Basi na aulizwe kwanza akaako na nauli yake, ndipo apewe tarehe.